Antibiotiki za zamani zinarudi, nasi bado tunatibu bila kupima

Mnamo Oktoba 2025, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Warwick cha Uingereza na wenzao wa Chuo Kikuu cha Monash cha Australia walitangaza kwamba wamekuta antibiotiki yenye nguvu ndani ya kiumbe ambacho wataalamu walidhani wamekwisha kukijua. Ni bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces coelicolor, aliyechunguzwa katika maabara tangu miaka ya 1950, ambaye hutengeneza dawa iitwayo methilenomisini A, inayojulikana kwa takriban miaka 50. Watafiti walipozima, moja baada ya nyingine, jeni zinazoshiriki katika kuitengeneza dawa hiyo, waliona kwamba bakteria huyo hupitia njiani kemikali nyingine, premethilenomisini C laktoni, ambayo dhidi ya baadhi ya vijidudu sugu ina nguvu zaidi ya mara 100 kuliko dawa inayotoka mwishoni. Hakuna aliyekuwa ameipima. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, habari hiyo ilisambaa kwenye simu kwa sura mbili: kuna waliosema kwamba dawa ya kumaliza usugu, yaani hali ya vijidudu kuzishinda dawa, imepatikana, tungoje tu ifike kwenye farmasi, na kuna waliosema kwamba huu ni ushahidi kuwa makampuni yalikuwa yakiificha. Naona sura zote mbili zimekosa kiini cha jambo. Kemikali hiyo bado haijajaribiwa kwa binadamu, na hakuna ajuaye kama itafika hospitalini. Inachotuonyesha leo ni jinsi dunia ilivyoweka kando vitu vingi bila kuvipima sawasawa. Hoja yangu ni kwamba kutopima ndiko kulikozika antibiotiki nyingi za zamani, ndiko kunakoharibu zile zilizobaki mikononi mwetu hapa Kivu, na kwamba dawa yoyote iliyofufuliwa, ikiletwa katika mji unaotibu kwa kukisia, itakufa mara ya pili na kwa haraka zaidi.

Ni vema kukumbuka kwanza dawa hizi zilitoka wapi, maana wengi wetu tunazijua kwa rangi ya kapsuli tu. Takriban theluthi mbili za antibiotiki zinazotokana na viumbe na kutumiwa hospitalini zimetoka kwa bakteria wa udongo wa jamii ya Streptomyces na ndugu zao wa karibu, wale wale wanaoupa udongo harufu yake mvua inapoanza kunyesha. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 na kijana Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, kutoka kwa Streptomyces griseus. Kloramfenikoli ilitangazwa mwaka 1947 kutoka kwa bakteria wa udongo wa karibu na Caracas, Venezuela. Erithromisini ilitoka katika udongo wa Iloilo, Ufilipino. Vankomisini katika udongo uliotumwa na mmisionari aliyekuwa Borneo. Rifampisini, ambayo karibu kila mgonjwa wa kifua kikuu wa Bagira au Panzi anaimeza leo, ina asili katika udongo uliookotwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1957. Tetrasiklini, ile tunayoiita tetra na ambayo watu bado wanafungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda, ni ya ukoo huo huo. Hata ivermektini inayogawiwa vijijini dhidi ya upofu wa mtoni ilianza na Streptomyces mmoja wa Japani, kazi iliyompatia Satoshi Omura sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Kati ya miaka ya 1940 na 1960 makampuni yaliokota udongo kila pembe ya dunia, yakaotesha vijidudu vilivyomo, yakachukua vile vilivyoua bakteria wengine kwenye sahani ya maabara. Baadaye yalianza kukuta dawa zile zile kila yalipochimba, gharama zikapanda, na kazi ikaachwa. Dhana iliyobaki ni kwamba udongo umekwisha kutoa vyote ulivyokuwa navyo. Dhana hiyo ilitikiswa tangu mwaka 2002, jeni zote za Streptomyces coelicolor zilipochapishwa: kati ya jeni zake 7,825 kulikuwa na makundi zaidi ya 20 ya jeni za kutengeneza kemikali za namna hii, ilhali kemikali zilizokuwa zikijulikana kutoka kwake zilikuwa chache tu.

Mfano unaoeleza vizuri zaidi jinsi dawa inavyozikwa ni wa streptotrisini. Waksman na Boyd Woodruff waliitangaza mwaka 1942, mwaka mmoja kabla ya streptomisini, kutoka kwa Streptomyces lavendulae. Ilikuwa na sifa ambayo penisilini haikuwa nayo: iliua bakteria wa kundi la Gram hasi, wale wenye utando wa nje unaozuia dawa nyingi kupenya, ambao ndio husababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya mkojo, tumbo na damu. Lakini ilipojaribiwa kwa watu wachache ilidhuru figo, na kwa kuwa streptomisini ilikuwa imekwisha kupatikana, streptotrisini ikawekwa kando. Kwa miongo mingi ilibaki kuwa kemikali ya kuchuja seli katika maabara za utafiti, chini ya jina la nursiotrisini. Watu hawakutilia maanani kwamba kilichokuwa kimejaribiwa kilikuwa mchanganyiko. Ndani ya nursiotrisini mna streptotrisini za aina kadhaa, zinazotofautiana kwa idadi ya vipande vya lisini (mojawapo ya viungo vya kujengea protini) vilivyoshikamana nazo. Mwaka 2023 kundi la James Kirby wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston, lilizitenganisha na kuzipima kila moja peke yake. Streptotrisini D, yenye vipande vitatu, ina nguvu sana na pia sumu nyingi. Streptotrisini F, yenye kipande kimoja, ina sumu ndogo zaidi kwa mbali na bado inaua bakteria Gram hasi walioshinda karibu kila dawa tuliyo nayo, kwa kiwango ambacho seli za figo zinaweza kukistahimili. Majaribio hayo yalifanywa katika maabara na kwa panya, kwa hiyo safari bado ni ndefu. Hata hivyo jambo moja haliwezi kukanushwa: hukumu iliyotolewa juu ya mchanganyiko katika miaka ya 1940 ilikubaliwa kama hukumu juu ya kila kilichomo, na kwa takriban miaka 80 ni wachache waliorudi kuithibitisha.

Hapo ndipo wapenzi wa habari njema husimama, lakini historia ya dawa hii ina sura nyingine ambayo husimuliwa mara chache, na ambayo kwa nchi kama yetu naiona muhimu kuliko ya kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ujerumani Mashariki iliruhusu nursiotrisini ichanganywe katika chakula cha nguruwe ili wanenepe haraka. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya busara: kwa kuwa dawa hiyo haikutumiwa kwa binadamu, usugu wowote ambao ungetokea mazizini haungemdhuru mgonjwa yeyote. Haukupita muda mrefu, miaka michache tu, bakteria wa tumbo waliobeba jeni za kuishinda dawa hiyo wakaonekana kwa nguruwe, kisha kwa wafanyakazi wa mashamba, kisha kwa jamaa zao, na hatimaye kwa wagonjwa wa maambukizi ya mkojo waliokuwa wakiishi katika eneo lile bila kufanya kazi na nguruwe. Jeni hizo zilikuwa juu ya plasmidi, yaani vipande vya urithi ambavyo bakteria hupeana wao kwa wao, na mara nyingi zilisafiri pamoja na jeni za kushinda dawa nyingine. Kwa hiyo dawa ambayo binadamu hakuwahi kuitumia kwa kawaida ilikuwa imekwisha kupata wapinzani ndani ya miili ya binadamu. Tulijua hayo kwa sababu kulikuwa na wanabiolojia waliokuwa wakiotesha na kupima bakteria wa eneo lile mwaka baada ya mwaka. Bila hao, usugu ungeenea vile vile, isipokuwa hakuna ambaye angejua ulianzia wapi.

Kolistini nayo ilipita njia inayofanana. Iligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940 kutoka kwa bakteria mwingine wa udongo, ikatumiwa, ikaachwa katika miaka ya 1970 na 1980 kwa sababu ya madhara ya figo, kisha ikarudishwa hospitalini mwishoni mwa miaka ya 1990 wakati dawa nyingine zilipokuwa zinashindwa. Iliporudi, madaktari walikuta kwamba vipimo vya kumpa mgonjwa vilikuwa vimewekwa kabla ya sheria za kisasa za uchunguzi wa dawa, na kwamba nchi moja ilihesabu kwa yuniti na nyingine kwa miligramu. Wakati huo huo, nchi kadhaa zilikuwa zikiwapa kolistini nguruwe na kuku kwa tani nyingi. Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayobebwa na plasmidi na kuishinda kolistini. Baada ya hapo nchi nyingine nyingi zilipochunguza bakteria waliokuwa wamehifadhiwa, ziliikuta kwao pia. China iliacha kuitumia kunenepesha mifugo mwaka 2017. Dawa iliyofufuliwa kama tegemeo la mwisho ilikuwa imekwisha kutobolewa kwa nyuma.

Sasa nigeukie hoja zinazotolewa, nianze na zile dhaifu. Wanaosema makampuni yaliificha dawa hii wanadhani kwamba kuna faida kubwa iliyokuwa ikilindwa. Ukweli wa biashara ya antibiotiki ni kinyume cha hapo, na ni wa kusikitisha zaidi. Antibiotiki humezwa kwa siku chache, mgonjwa hupona na hairudii. Na dawa mpya nzuri huwekwa akiba na madaktari ili isiharibike, yaani kadiri ilivyo ya thamani ndivyo inavyouzwa kidogo. Kampuni ya Kimarekani Achaogen ilipata kibali cha plazomisini, dawa yenye asili ya bakteria wa udongo, mwezi Juni 2018. Aprili 2019 ikafilisika. Hakuna haja ya kubuni njama pale ambapo hesabu peke yake inaeleza kilichotokea. Streptotrisini na wenzake waliachwa kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kulipa gharama za kuwachunguza upya, na hati miliki za miaka ya 1940 haziwezi kumlinda mwekezaji wa leo.

Hoja nyingine dhaifu, ambayo nimeisikia zaidi ya mara moja kutoka kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba ikiwa dawa zinatoka udongoni basi udongo wenyewe ni dawa, na wazee waliopaka udongo juu ya vidonda walijua walichofanya. Sitaki kudharau maarifa ya wazee wetu, ambayo katika mimea yametupa mengi. Lakini katika udongo huo huo anamoishi Streptomyces ndimo zinamoishi mbegu za Clostridium tetani, bakteria wa pepopunda, na mtoto mchanga anayepakwa udongo kwenye kitovu anaweza kufa kwa ugonjwa huo kabla ya wiki mbili kuisha. Kiasi cha antibiotiki kilichomo katika kiganja cha udongo ni kidogo mno, na kimechanganyika na vitu vingine maelfu. Kazi yote ya Waksman, Schatz na wenzao ilikuwa ni kumtenga kiumbe mmoja kati ya mamilioni, kuitenga kemikali yake moja, na kupima inaua nini kwa kiasi gani. Anayeruka hatua hizo amebaki na udongo tu.

Hoja yenye uzito ni nyingine kabisa, na inastahili kujibiwa kwa unyenyekevu. Inasema hivi: mnazungumza juu ya usugu na maabara, wakati mtoto wa Shabunda au Bunyakiri anakufa kwa nimonia kwa sababu hakupata hata amoksisilini, katika nchi hii ukosefu wa dawa unaua kuliko dawa kushindwa, kwa hiyo kila masharti mapya ya kutoa antibiotiki yatamwangukia maskini. Tangu vita ilipoingia mjini Februari 2025, hoja hii imepata nguvu zaidi, maana dawa zenyewe zimekuwa zikifika kwa shida na kwa bei isiyotabirika. Ninakubali nusu yake ya kwanza bila kusita. Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipozigawa antibiotiki katika makundi matatu mwaka 2017, liliweka kundi la kwanza mahususi kwa ajili ya dawa ambazo kila kituo cha afya kinapaswa kuwa nazo, na ndani yake zimo za zamani kabisa: amoksisilini, jentamisini, doksisiklini, kloramfenikoli. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa dunia walikubaliana katika Umoja wa Mataifa kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi hilo. Kwa hiyo sidai kwamba mlango wa farmasi ufungwe. Ninachokataa ni nusu ya pili, inayochukulia kwamba kupima ni anasa itakayosubiri hadi dawa zienee. Dawa zinazoenezwa bila kujua zinaua nini zinageuka kuwa upungufu wa namna nyingine: mgonjwa ameipata, amelipa, ameimeza, na hakutibiwa.

Hapa Bukavu tunaliona jambo hilo kila wiki bila kulipa jina. Mtu akiwa na homa, kichwa na uchovu, anapimwa malaria, halafu anapimwa Widal, na karibu kila mara anaambiwa ana tifoide. Kipimo cha Widal kilibuniwa mwaka 1896; kinatafuta alama za kinga zilizomo katika damu, ambazo zinaweza kuwa za ugonjwa uliopita au za vijidudu vingine kabisa. Jirani yangu mmoja wa Kadutu alinionyesha mfuko aliotoka nao katika kituo kimoja baada ya kipimo hicho kimoja: siprofloksasini, metronidazoli na dawa ya malaria, zote kwa homa ile ile. Simlaumu muuguzi aliyeandika, kwa sababu hakuwa na chombo kingine cha kumwongoza. Lakini siprofloksasini hiyo, ikizidishwa na maelfu ya homa ambazo si tifoide, ndiyo inayowafundisha bakteria wa matumbo yetu kuishinda dawa. Uchunguzi wa mikojo na damu uliofanywa katika hospitali kuu ya mkoa hapa mjini na kuchapishwa mwaka 2014 na 2015 ulikwisha kuonyesha kwamba ampisilini na kotrimoksazoli, dawa mbili zinazoandikwa bila kufikiri, zilikuwa zimepoteza nguvu dhidi ya sehemu kubwa ya bakteria waliooteshwa. Ni zaidi ya miaka kumi sasa, na dawa hizo bado zinaandikwa vile vile.

Mashariki ya nchi hii ina historia yake katika jambo hili, na ningependa vijana wanaosomea udaktari waijue. Mwaka 1979, kuhara damu kwa Shigella dysenteriae aina ya kwanza kulianza mashariki mwa Zaire na kuenea Rwanda, Burundi na Tanzania. Kijidudu hicho kilikuwa kimekwisha kuzishinda dawa kadhaa, na kila dawa mpya iliyoletwa ilishindwa baada ya muda. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, kwanza kwa kipindupindu kisha kwa kuhara damu kulikosababishwa na Shigella huyo huyo. Kipindupindu kwa sehemu kubwa hutibiwa kwa maji na chumvi, na waliofikiwa mapema waliweza kuokolewa. Lakini kwa kuhara damu ilibidi ijulikane ni dawa gani bado inafanya kazi, na dawa nyingi za kawaida zilikuwa hazifanyi. Karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 2019, watafiti walieleza aina ya Salmonella Typhimurium iliyopatikana katika nchi yetu, inayoingia katika damu ya watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na ambayo ilikuwa imezishinda karibu dawa zote zinazotumiwa dhidi yake, azithromisini ikiwa mojawapo. Hizi ni habari za kwetu. Zilijulikana kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliotesha damu au kinyesi cha mgonjwa na kuandika alichokiona.

Kuna mfano wa India ambao unaonyesha upande mwingine wa faida ya kupima. Kloramfenikoli ilikuwa tiba kuu ya tifoide hadi bakteria walipoishinda. Pia inaogopwa kwa haki, kwa sababu kwa mgonjwa mmoja katika makumi ya maelfu huweza kuua uwezo wa uboho kutengeneza damu. Iliwekwa kando kwa miaka mingi. Kisha maabara za India zikaanza kuona kwamba Salmonella Typhi wengi wanakufa tena kwa dawa hiyo, kwa kuwa bakteria waliobeba mzigo wa jeni za usugu wasiouhitaji walikuwa wamepungua. Dawa ya zamani, ya bei nafuu, inaweza kurudi kuwa na manufaa pale inapopumzishwa. Lakini daktari asiye na maabara hawezi kujua kama imerudi au la. Ataendelea kuiacha wakati ingeokoa, au ataitoa wakati haifai.

Najua jibu litakalotolewa na kila mganga mkuu wa kituo: kuotesha bakteria kunachukua siku mbili au tatu, na mgonjwa wa homa kali hawezi kungoja. Ni kweli, naye atatibiwa kwa kukisia, leo na kesho. Faida ya matokeo yake kwa sehemu kubwa ni kwa wagonjwa watakaofuata. Damu na mikojo ya wagonjwa mia chache, ikioteshwa na kuandikwa kwa uaminifu katika mwaka mmoja, inatosha kuwapa waganga wa Bukavu jedwali linaloonyesha ni dawa gani bado inaua bakteria gani katika mji huu, ili kukisia kwao kuwe na msingi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 14 za Afrika na kutangazwa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Hali ya kwetu haiwezi kuwa bora kuliko hiyo. Vinavyohitajika vinajulikana: chakula cha kuoteshea, kiotesheo kinachotunza joto la nyuzi 35 hadi 37, visahani, vidoa vya karatasi vyenye dawa, bakteria wa kulinganishia, na mtaalamu aliyefunzwa ambaye analipwa mshahara wake. Kigumu zaidi ni umeme, ambao kutoka mabwawa ya Ruzizi hukatika bila taarifa, na kiotesheo kinachopoa usiku kinaharibu kazi ya siku nzima. Paneli za jua na betri zimekwisha kuwa suluhisho la kawaida mjini kwa friji za chanjo, kwa hiyo haielezeki kwa nini zisiwe hivyo kwa bakteria. Madaktari Wasio na Mipaka wametengeneza maabara ndogo ya bakteria inayosafirishwa katika masanduku na kufungwa hospitalini mahali pasipo na miundombinu, jambo linaloonyesha kwamba kizuizi si cha kiufundi peke yake.

Hapa ndipo udongo unaporudi katika hoja yangu, na si kama ndoto. Kipimo cha kujua kama bakteria wa mgonjwa anakufa kwa jentamisini, na kipimo cha kujua kama bakteria wa udongo anatengeneza antibiotiki, ni kazi moja: unatandaza kijidudu kwenye sahani, unaweka juu yake kidoa chenye dawa au donge la bakteria wa udongo, unasubiri usiku mmoja, na asubuhi unapima kwa rula upana wa duara tupu ambalo kijidudu kimeshindwa kuota. Schatz na Waksman walitumia wazo hilo hilo. Kwa hiyo benchi moja la mikrobiolojia, likiwekwa kati ya hospitali na kitivo, linaweza kumhudumia mgonjwa asubuhi na kumfundisha mwanafunzi jioni. Marekani, mpango uitwao Tiny Earth unawapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kazi ya kutafuta bakteria wanaotengeneza antibiotiki katika udongo wa mahali pao, na vyuo vya nchi nyingine vimejiunga nao. Vyuo vikuu vyetu vya Bukavu vina wanafunzi wa biolojia na wa tiba wanaomaliza masomo bila kuotesha bakteria kwa mikono yao wenyewe. Kaskazini mwa mji kuna kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa baada ya mwaka 1947 wakati wa Wabelgiji, kikiwa kando ya mbuga ya Kahuzi-Biega, yenye misitu ya milimani na vinamasi ambamo udongo wake haujachunguzwa sana kwa jicho hili. Sisemi kwamba dawa kubwa imejificha humo. Wengi waliotafuta mahali pengine walirudi na streptotrisini tu, kwa kuwa ni mojawapo ya antibiotiki zinazopatikana mara kwa mara udongoni. Nasema kwamba utafutaji huo ungetupa mafundi ambao hospitali zetu zinawahitaji.

Kuna sharti moja ambalo halipaswi kusahauliwa. Watu wa Iloilo na wa Borneo hawakupata chochote cha maana kutokana na udongo uliozaa erithromisini na vankomisini. Itifaki ya Nagoya, iliyokubaliwa mwaka 2010 na ambayo nchi yetu imo ndani yake, inadai kwamba anayechukua viumbe vya nchi kwa ajili ya utafiti apate idhini na akubaliane juu ya mgawo wa faida. Lakini itifaki hiyo inamlinda mwenye kujua alicho nacho. Bakteria ambao hawajatengwa, hawajahifadhiwa kwenye friji ya hapa na hawajaandikwa katika daftari la hapa, watachukuliwa ndani ya chupa ndogo, na sheria haitakuwa na la kushika.

Kama ningeulizwa na wakuu wa afya wa mkoa pa kuanzia, ningeomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu hata katika hali hii ya vita. Kipimo cha Widal kisitumiwe tena peke yake kuandika siprofloksasini. Hospitali moja, hata kama ni moja tu, iwezeshwe kuotesha damu na mikojo kila siku bila kukatizwa, na matokeo yake yatumwe kila baada ya miezi sita kwa vituo vyote vya maeneo ya afya ya Ibanda, Kadutu na Bagira, kwa karatasi moja inayosomeka. Wafugaji wa kuku na nguruwe waulizwe wanachochanganya katika chakula cha mifugo yao, kwa sababu mfano wa Ujerumani Mashariki unaonyesha usugu unapoweza kuanzia. Na siku streptotrisini F, au ile kemikali ya Warwick, au nyingine yoyote itakapopitishwa kwa matumizi ya binadamu na shehena yake ya kwanza kufika hapa, isitolewe kwa mgonjwa ambaye bakteria wake hajaoteshwa kwanza.